Akili Unde Katika Kiini cha Biashara: Mkopo wa Mkulima wa Mahindi

Utangulizi

Katika mashamba madogo ya Njoro, Rongai na Molo, kaunti ya Nakuru, kila msimu wa mahindi huanza na swali lile lile: mbegu na mbolea zitanunuliwa kwa fedha zipi? Makala haya yanaeleza jinsi akili unde ilivyobadilisha biashara ya kulijibu swali hilo, na kwa nini mabadiliko hayo yanamhusu mwanafunzi wa Kiswahili.

Dhana

Akili unde, ambayo wengine huiita akili bandia au akili mnemba, ni uwezo wa kompyuta kutekeleza kazi ambazo kwa kawaida huhitaji akili ya binadamu. Programu hupewa rekodi nyingi za yaliyopita, ikatambua ruwaza zake, kisha ikakadiria yatakayotokea. Ni muhimu kutofautisha aina mbili za biashara. Aina ya kwanza huitumia akili unde pembezoni, kwa mfano kuandikia barua. Programu ikizimwa, kazi huendelea. Aina ya pili huikabidhi uamuzi ulio uhai wa biashara yenyewe.

Mfano wa Mikopo

Kwa muda mrefu, benki zilimtaka mkulima atoe hatimiliki ya shamba au dhamana nyingine, naye afisa wa mikopo akaenda kulikagua shamba hilo. Kwa mkulima wa ekari moja, gharama ya safari hiyo ingeweza kumeza faida yote ya mkopo. M-Shwari, iliyozinduliwa na Safaricom na benki ya CBA mnamo Novemba 2012, ilidhihirisha kwamba rekodi za matumizi ya simu zinaweza kushika nafasi ya dhamana. Kampuni ya Apollo Agriculture, iliyoanzishwa nchini Kenya mwaka 2016, iliipeleka fikra hiyo shambani. Programu huchanganua picha za setilaiti pamoja na taarifa za mkulima, ikakadiria uwezekano wa mkopo kulipwa. Anayekubaliwa hupata pembejeo kwa mkopo na kulipa baada ya mavuno.

Biashara ya namna hii haijengwi kwa kununua kompyuta tu. Kazi ya binadamu haiondoki, ila huhama: kutoka kwa afisa anayeamua hadi kwa wakala anayekusanya taarifa. Anayepima mpaka wa shamba vibaya leo huipotosha programu kesho.

Suala la Haki na Lugha

Hata hivyo, programu humjua mtu kupitia rekodi zake tu. Mwanamke anayelima shamba lililoandikishwa kwa jina la mumewe, na kutumia simu ya mwanawe, ana rekodi chache. Anaweza kunyimwa mkopo, si kwa kuwa halipi madeni, bali kwa kuwa hajulikani. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 kinashughulikia maamuzi yanayofanywa na mashine pekee. Yanapomwathiri mtu kwa kiasi kikubwa, anapaswa kuarifiwa kwa maandishi, naye ana haki ya kuomba yaangaliwe upya.

Hapa ndipo lugha inapoingia katika biashara. Haki hiyo haina maana kwa mtu asiyeelewa alichoambiwa. Linganisha jumbe mbili: “Huna sifa za kukopeshwa” na “Taarifa tulizo nazo kukuhusu hazitoshi.” Ujumbe wa kwanza unamhukumu mtu, wa pili unaeleza upungufu wa rekodi na kumwonyesha pa kuanzia. Vivyo hivyo, “programu inajua” na “programu inakadiria” si kauli moja. Kauli ya kwanza hufunga mjadala.

Hitimisho

Biashara inayoiweka akili unde katika kiini chake hubadilisha pahali uamuzi unapofanyika. Isipobadilisha pia namna ya kuueleza uamuzi huo, mkulima hubaki na mlango uliofungwa usio na wa kubishiwa hodi. Kwa hivyo wanaisimu na watafsiri wasingoje kuletewa jumbe hizo zikiwa zimekwisha kuandikwa. Yafaa washiriki tangu zinapobuniwa, kwani neno moja humfanya mama wa Rongai ajue kama amekataliwa yeye, au zimepungua rekodi zake.