Kasa wa Juani na Mchanga Unaozidi Joto

Fukwe za mashariki mwa kisiwa cha Juani, wilayani Mafia, ni miongoni mwa maeneo muhimu ya kutagia kasa nchini Tanzania. Jike hupanda ufukweni usiku, huchimba shimo, hutaga mayai yapatayo mia moja, huyafukia na kurejea baharini. Kwa takribani siku 60 zinazofuata, mayai hayo hutegemea mchanga pekee.

Mchanga huo ndio unaoamua jinsia ya makinda. Joto lake likiwa nyuzi 29 hivi, madume na majike huzaliwa kwa idadi inayokaribiana. Likipanda, makinda karibu wote huwa majike. Likizidi mno, mayai hufa. Kwa kuwa kasa huchukua miaka 20 au zaidi kufikia umri wa kuzaa, upungufu wa madume wanaozaliwa leo hautatambulika mapema.

Hatari ya pili ni maji. Kina cha bahari kinapoongezeka, maji ya bamvu hupanda juu zaidi, hufunika viota na kuyanyima mayai hewa. Ufukwe uliochimbwa mchanga au kufyekwa miti humomonyoka upesi, na kasa hukosa mahali pakavu pa kutagia.

Hasara hiyo humfikia pia mvuvi. Kasa hula nyasi za baharini na kuzifanya zichipue upya, na katika nyasi hizo ndimo samaki wengi wachanga hujificha na kukua.

Kijiji kimoja hakiwezi kuzuia joto la dunia, lakini kinaweza kuulinda ufukwe wake. Miti inayoachwa nyuma ya ufukwe hutia kivuli na kushika mchanga. Taa zinazozimwa usiku huwaepusha makinda kupotea njia, kwani hufuata mwanga wakidhani ndiko baharini.

Mkazi anayeona kiota karibu na maji asihamishe mayai mwenyewe: yai likigeuzwa, kinda aliyemo huweza kufa. Kazi hiyo ni ya walinzi wa viota waliofunzwa. Taarifa itolewe mapema katika ofisi ya kijiji au ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995. Aidha, kuvua kasa na kuchukua mayai yake ni kosa kisheria.