Mnasihi na Ukingo wa Kisukari

Kisukari cha aina ya pili hakiji kwa ghafula. Kabla yake kuna hali ambayo sukari ya damu imezidi kiasi chake, lakini haijafika kipimo cha ugonjwa. Wengine huiita «kisukari cha awali». Jina hilo lina kasoro: «awali» ni mwanzo wa jambo, na asikiaye hudhani ugonjwa umekwisha kumwingia, akakata tamaa, kumbe bado yu ukingoni, na aweza kurudi.

Jambo hilo lilithibitishwa Marekani kwa uchunguzi wa watu 3,234, ulioanza mwaka 1996 na kutangazwa mwaka 2002. Waliopewa wanasihi na masomo 16, wakikusudia kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea upesi dakika 150 kila juma, waliugua kwa uchache wa asilimia 58 kuliko waliopewa dawa bandia. Waliotumia metformini, kwa asilimia 31.

Katika zahanati, mnasihi haamrishi. Humwuliza mtu ala nini, na aweza kubadili nini juma hili, kisha humfuatia. Kwa hiyo «mnasihi», litokanalo na kunasihi, lafaa kuliko «kocha». Na hali yenyewe yafaa iitwe «ukingo wa kisukari».