Kicheko kama Faini: Dhihaka katika Futuhi ya Mienendo

Katika makala haya mafupi tumekusudia kueleza namna dhihaka inavyofanya kazi katika futuhi ya mienendo, yaani tamthilia ya kuchekesha ambayo shabaha yake ni desturi, maneno na majivuno ya watu wanaoishi pamoja. Swali letu ni moja: ni jambo gani katika mtu ambalo ni halali kuchekwa?

Mfano ulio wazi ni mchezo wa Molière ulioonyeshwa mara ya kwanza Ufaransa mwaka 1670. A. Morrison aliufasiri kwa Kiswahili, ukachapishwa mwaka 1961 kwa jina la *Mchuuzi Mwungwana*. Jina hilo lenyewe lina kejeli. Mchuuzi ni mtu wa bei na mizani. Uungwana, kwa watu wa pwani, ni nasaba na malezi, mambo yasiyouzwa dukani. Jourdain, mhusika mkuu, ni tajiri anayewaajiri walimu wa muziki, dansi, mchezo wa panga na falsafa ili afanane na mabwana wakubwa. Hushangaa kuambiwa kwamba maneno yake ya kila siku ni nathari, naye ameyasema kwa zaidi ya miaka arobaini bila kujua.

Yafaa tuangalie ni nani asiyechekwa. Mkewe, aliye mtoto wa mfanyabiashara kama yeye, hukumbusha asili yao waziwazi, na mtazamaji humwunga mkono. Kwa upande mwingine Dorante, bwana wa ukoo hasa, hukopa fedha za Jourdain kwa hila. Basi dhihaka ya Molière haimwadhibu mtu kwa kuwa mchuuzi. Humwadhibu kwa kuuonea haya uchuuzi wake, na humwumbua mwungwana asiye na uungwana.

Hapa Nchiru, palipo jengo la baraza la Njuri Ncheke, jambo hili halihitaji maelezo marefu. Mbele ya wazee mtu hujibu kwa tendo lake, na akipatikana na kosa hutozwa mifugo. Hadhira ya futuhi nayo ni baraza la namna yake, na faini yake ni kicheko. Si ajabu kwamba *Vioja Mahakamani*, mchezo mashuhuri wa televisheni ya taifa ya Kenya, uliwekwa mahakamani.

Lakini futuhi zetu hupenda sana kuchekesha kwa lafudhi. Je, ni kosa? Marehemu Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alimwigiza Mzee Ojwang kwa lafudhi ya Kijaluo, ingawa yeye mwenyewe alikuwa Mkikuyu. Lafudhi ilikuwa vazi la mhusika. Kilichobeba mchezo ni ubishi wake na Mama Kayai, ambao kila nyumba iliutambua.

Hali ni nyingine pale lafudhi inapoachwa peke yake. Mmeru wa vichekesho vingi ni mtu wa hasira za ghafla na mashada ya miraa, na watu hucheka mara tu afunguapo kinywa, kabla hajatenda lolote. Hapo faini imetozwa bila kosa. Madhara yake si madogo. Kijana atokaye Tigania au Embu, akisha kuchekwa kwa ulimi wa mama yake, hunyamaza darasani au hujitafutia ulimi wa kuazima. Yaani huwa Jourdain.

Tunakata shauri, basi, kwamba dhihaka ya aina hiyo huzalisha ugonjwa ule ule ambao futuhi ya mienendo ilikusudiwa kuutibu. Mwandishi anayetaka kuchekesha na ajiulize kwanza: mhusika wangu amefanya nini? Asipopata jibu, hana kesi ya kuleta mbele ya baraza.