FEDHA ZA UZEENI: JINSI YA KUISHI KWA KIDOGO BILA KUAIBIKA

Ndugu zetu wazee, na ninyi vijana mnaoishi na wazee,

Katika karatasi hii tumezoea kuwaletea habari za chanjo, za shule na za mgao. Leo tunaandika habari za wazee. Wapo wakimbizi waliofanya kazi miaka thelathini, mmoja alikuwa mwalimu, mwingine muuguzi, mwingine fundi wa reli, na sasa wanaishi katika chumba kimoja pale Kibuli, Nsambya au Namuwongo. Baadhi wana akiba ya uzeeni. Wengine wanategemea kinachotumwa na mtoto aliye mbali. Shida yao ni moja: fedha ni kidogo na haitaongezeka. Mzee afanye nini ili asimalize mwezi kwa kukopa?

1. FEDHA ZA UZEENI NI ZIPI HAPA UGANDA?

(a) Pensheni ya serikali. Hii ni ya watumishi wa umma. Mtumishi hustaafu akifika miaka 60, hupewa kiinua mgongo, kisha hupokea malipo ya kila mwezi. Mkimbizi kwa kawaida hayumo humu.

(b) Akiba ya NSSF. Mfuko huu ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1985. Kila mwezi mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri huongeza asilimia 10 kutoka mfukoni mwake. Ukifika miaka 55 unachukua fedha yote kwa mara moja. Tangu marekebisho ya mwaka 2022, mwajiri anatakiwa kuchangia hata akiwa na mfanyakazi mmoja tu. Pia mwanachama mwenye miaka 45 aliyechangia kwa miaka 10 anaweza kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake mapema.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi. Kwa hiyo wewe kijana uliyeajiriwa hotelini, shuleni au kiwandani, muulize mwajiri wako: namba yangu ya NSSF iko wapi? Uzee wako unaanza kutengenezwa leo.

(c) Msaada wa wazee. Mwaka 2010 serikali ilianzisha mpango wa kuwapa wazee wa wilaya chache kiasi kidogo cha fedha. Ulipoenezwa nchi nzima, msaada huo uliwahusu raia wenye miaka 80 na zaidi walio na kitambulisho cha taifa. Mkimbizi hayumo. Mtu akikuambia, "Mzee, nipe kitu kidogo nikuandikishe", usimpe. Anakuibia. Huduma za wakimbizi hazilipiwi.

2. FEDHA YA MARA MOJA: IGAWE KWA MIEZI

Fedha inayotolewa yote kwa siku moja ina hatari kubwa. Mzee anaiona nyingi, jamaa wanaiona nyingi zaidi.

Tufanye hesabu ya mfano. Mzee amepata shilingi 3,600,000. Akitumia 100,000 kila mwezi, ana miezi 36, yaani miaka mitatu. Sasa mpwa wake anakuja kuomba 1,200,000 akanunue pikipiki ya bodaboda, na anaahidi kurudisha. Mzee akitoa, zimebaki 2,400,000, yaani miezi 24. Mpwa huyo hakukopa fedha tu. Amekopa mwaka mzima wa chakula na kodi ya nyumba.

Hatusemi mzee asisaidie watu wake. Tunasema ahesabu kwanza kwa miezi, ndipo ajibu. Kama hawezi kukataa, atoe kiasi ambacho hata kisiporudi hatalala njaa.

3. SIKU FEDHA INAPOINGIA

Fuata mpango huu kabla hujanunua kitu kingine:

Kwanza, kodi ya chumba. Chumba kimoja, kile ambacho watu wa Kampala hukiita muzigo, ndicho usalama wako. Omba risiti kila ulipapo. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022 hairuhusu kodi kupandishwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka.

Pili, dawa. Mwenye shinikizo la damu au kisukari asiruke dawa ili abane matumizi. Dawa hizi hunywewa hata siku unayojisikia mzima. Ukiziacha, unaweza kupooza, na gharama ya kupooza ni kubwa kuliko ya vidonge. Ada katika vituo vya afya vya serikali ziliondolewa mwaka 2001, na mkimbizi hutibiwa kama raia. Kwa wakaao Kibuli, anzeni Kisugu. Hospitali ya Kibuli iko karibu, lakini si ya serikali, hivyo uliza bei kabla.

Tatu, chakula kikavu cha mwezi: posho, maharage, chumvi, mafuta, na mkaa.

Nne, kiasi kidogo cha dharura. Kifiche hata machoni pako mwenyewe.

Kinachobaki ndicho cha matumizi ya kila siku.

Kama fedha yako inakuja kwa simu, usiitoe kidogo kidogo. Kila utoapo unalipa ada ya wakala, na tangu mwaka 2018 kuna pia kodi ya asilimia 0.5 ya unachotoa. Aliyetoa mara nne amelipa ada mara nne.

4. JIKONI

Mkaa unakula fedha kuliko maharage yenyewe. Loweka maharage usiku kucha, umwage maji yale, kisha upike. Yataiva upesi. Yakishachemka vizuri, funika sufuria kwa mfuniko unaobana, uiweke ndani ya kikapu chenye blanketi kuukuu au majani makavu ya ndizi, ufunike juu. Yataendelea kuiva yenyewe kwa joto lake, na sigiri imezimwa. Kabla ya kula, yachemshe tena.

Wengi mjini hapa hutengeneza makaa kwa maganda ya ndizi na vumbi la mkaa. Yanawaka polepole, yanafaa kwa maharage. Lakini usiingize sigiri yenye moto katika chumba kilichofungwa ukalala. Hewa yake haina harufu, na inaua.

Mzee anahitaji chakula cha kujenga mwili, si cha kujaza tumbo tu. Nyama ikiwa ghali, kuna mukene, ambao Wakongo huwaita ndagala na Watanzania dagaa. Huliwa na mifupa yake, na mifupa hiyo huimarisha mifupa yako. Mchicha, yaani dodo au lengalenga, huota hata ndani ya gunia la udongo mlangoni. Maji ya kuoshea mboga yanatosha kulimwagilia.

Kuhusu safari: bodaboda ya shilingi 2,000, mara tatu kwa wiki, ni 24,000 kwa wiki nne. Kama miguu inaruhusu, tembea asubuhi kabla ya jua. Kilima cha Kibuli kinachosha, lakini kupanda polepole kunasaidia moyo.

5. VIKUNDI VYA AKIBA

Kila watu wana jina lao: Wakongo husema likelemba, Wasomali ayuuto, Watanzania upatu, Wakenya chama. Ni jambo lilelile, na ni jema. Lakini mzee aangalie mambo mawili. Mchango uwe ule anaoweza hata mwezi mbaya. Na wanachama wawe watu anaojua nyumba zao. Kikundi kinachoahidi kuzidisha fedha yako maradufu kwa mwezi mmoja, kikimbie.

Hesabu iandikwe. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

6. TUNZA KARATASI

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, wafanyakazi wa reli, posta na bandari walibaki wakidai mafao yao. Mapatano ya kugawana mali na madeni yalitiwa saini mwaka 1984, na baada ya hapo wengi waliendelea kudai kwa miaka mingi. Nsambya, hapo jirani ya Kibuli, palikuwa na nyumba za wafanyakazi wa reli. Katika madai ya namna hii, barua ya ajira na hati ya mshahara ndizo shahidi wako.

Kwa hiyo tunza barua ya kuajiriwa, namba ya mwanachama, na hati yoyote ya mshahara. Wewe uliyechangia Kongo katika INSS, jua kwamba shirika hilo sasa linaitwa CNSS. Hifadhi namba yako. Piga picha za karatasi zote kwa simu, na nakala moja mwachie mtu unayemwamini.

Tahadhari: usiandikie ofisi ya serikali ya nchi uliyoikimbia kabla hujapata ushauri. Kwa mwingine, barua hiyo inaweza kuwaonyesha wanaomtafuta mahali alipo. Muone kwanza afisa wa ulinzi au mwanasheria wa wakimbizi.

7. NA RAHA?

Mzee mwenye kidogo anaweza kuishi kwa raha kuliko mwenye kingi, kama ana watu. Anayekaa peke yake chumbani huhesabu fedha zake mara kumi kwa siku, na kila mara huziona zimepungua.

Kibuli ina mahali pa kukutana bila kulipa. Juu kilimani kuna msikiti uliofunguliwa mwaka 1951, na Waislamu wa mataifa mengi huswali pamoja pale. Wakristo wana makanisa yao jirani. Chini ya mti kuna mchezo wa omweso, ndugu ya bao letu. Mzee aliyekuwa mwalimu anaweza kuwafundisha wajukuu wa jirani kusoma. Pengine atalipwa kwa jerikeni la maji kuletwa mlangoni, na hiyo ni pensheni pia.

Ninyi vijana, msimwulize mzee kila siku amebakiwa na shilingi ngapi. Mwulizeni amekula nini na amemeza dawa. Na fedha yake iacheni iwe yake.

Mwenye swali, au mzee anayesumbuliwa na jamaa kwa ajili ya fedha zake, afike kwa mfanyakazi wa jamii wa mtaa wake. Asiyeweza kutembea atume mtu, nasi tutamfuata nyumbani. Msomeeni karatasi hii asiyeona vizuri.