Kisigino cha Mpira, Kilichoundwa Kilike

Vua kiatu ulichovaa, kigeuze, utazame kisigino chake. Kama umekitembelea miezi kadhaa, kona ya nyuma upande wa nje itakuwa imelika kuliko kwingine kote. Usidhani una mwendo mbaya. Watu wengi wakitembea hutanguliza kisigino, nacho hugusa chini kwa ukingo wake wa nje kabla mguu haujalala wote. Kieneo hicho kidogo ndicho kinachopambana na ardhi mwanzo wa kila hatua. Mtu akitembea kawaida, nguvu inayomrudia kutoka chini hufika kilele cha kama mara 1.1 au 1.2 ya uzito wake; akikimbia hufika mara 2 hadi 3. Anayekwenda hatua 6,000 kwa siku anakigongesha kila kisigino mara 3,000 kabla ya kulala.

Mwili una dawa yake. Chini ya mfupa wa kisigino kuna mto wa mafuta wenye unene wa karibu sentimeta 2, uliogawanyika katika vyumba vidogo vidogo vyenye kuta za nyuzi imara. Mafuta hayapati pa kukimbilia, kwa hiyo hubonyea, hukaza, kisha hurudi mahali pake. Kwa anayetembea peku kwenye mchanga, mto huo unatosha kabisa. Taabu ni ya yule aliyevaa kiatu chenye kisigino cha ngozi ngumu, tabaka juu ya tabaka, akasimama kutwa nzima kwenye sakafu ya mawe.

Hivyo ndivyo alivyokuwa akisimama Humphrey O'Sullivan, mhamiaji kutoka Ireland aliyefanya kazi ya uchapaji huko Lowell, Massachusetts, mji wa Marekani uliojulikana kwa viwanda vya nguo. Husimuliwa kwamba ili kupumzisha miguu alileta kazini kipande cha mkeka wa mpira akawa anasimama juu yake. Wenzake wakaona raha ile, wakawa wanauchukua kila akigeuka. Mwisho akachoka kuutafuta, akaukata vipande viwili vya ukubwa wa visigino vyake, akavipigilia kwenye viatu. Tangu hapo kila alikokwenda alikuwa na mkeka wake. Tarehe 24 Januari 1899 alipata hataza ya kisigino cha mpira, na kampuni iliyobeba jina lake ikaviuza Marekani kote kwa matangazo yaliyosifu mpira wao kuwa ni "mpira hai".

Kisa hiki ni kitamu, na ndiyo maana kimedumu. Lakini kukata mpira na kuuweka chini ya kiatu ni jambo ambalo mtu yeyote mwenye kisu na miguu inayouma angeweza kulifikiria. Ugumu uko kwingine: kuufanya mpira huo ukae, halafu siku ukiisha ukubali kutoka bila kuua kiatu. Hapo ndipo wabunifu wa visigino walipotoka jasho.

Mpira na msumari havipatani. Msumari ukiingia kwenye ngozi hushikwa na nyuzi za ngozi. Ukipita kwenye mpira laini, mpira hutanuka, na kila hatua huuvuta kidogo kuelekea kwenye kichwa cha msumari. Baada ya muda tundu limepanuka, kichwa kimepenya, na kisigino kimebaki barabarani huku msumari ukiwa bado umekaza kwenye kiatu. Dawa yake ni ndogo mno kiasi kwamba wengi hawajawahi kuiona. Chukua kisigino kipya cha mpira cha kupigilia, uchungulie kwenye vitundu vyake. Ndani utaona washa ya chuma inayong'aa, imezamishwa humo wakati mpira unachomwa kwenye kalibu. Kichwa cha msumari hukaa juu ya washa, na washa hutandaza mkazo kwenye eneo kubwa la mpira. Kwa kuwa washa iko chini ya uso, msumari haugusi sakafu, na mpira hukaribia kuziba juu yake. Siku ukisikia kisigino kimeanza kulia kwenye vigae, ujue mpira umelika hadi kwenye chuma na wakati wa kumwona fundi umefika. Kwa maoni yangu ile washa ni ubunifu mkubwa kuliko mkeka wa Lowell, ingawa haina hadithi ya kusimulia.

Tatizo la pili ni ukingo. Misumari hukaza katikati, na mpira unapokazwa katikati hujiinua pembeni. Mwanya ukipatikana, hata wa unene wa karatasi, mchanga huingia, maji huingia, na kila hatua huchokonoa mwanya ule ule. Wabunifu wakajibu kwa kukichoma kisigino kikiwa kimebonyea upande wa juu mithili ya kisosi. Kikiwekwa kwenye kiatu, kingo ndizo zinazogusa kwanza. Kikipigiliwa katikati, kingo hukandamizwa kwa nguvu na mwanya haupatikani. Kibonyeo kile kiliwapeleka watu mahakamani. Kampuni ya I.T.S. Rubber iliishtaki Essex Rubber ikidai imeibiwa umbo la kisigino chake, na kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, iliyotoa uamuzi mwaka 1926. I.T.S. ilishindwa. Mahakama iliona kwamba mvumbuzi aliyekubali kuyabana maelezo yake ili apewe hataza hawezi kuja kuyatanua baadaye ili kumnasa mshindani. Mawakili wa hataza wanaitaja kesi hiyo hadi leo, na chanzo chake ni kipande cha mpira kilichouzwa kwa senti.

Waingereza walilishika jambo kwa upande wa ile kona iliyolika. Kampuni ya Wood-Milne ya Leyland, Lancashire, ilitengeneza visigino vya duara vinavyozunguka. Kisahani cha mpira kilishikiliwa katikati, na mvaaji aliweza kukigeuza ili upande mzima uje mahali pa upande uliolika. Badala ya kona moja kufa mapema na sehemu iliyobaki kutupwa ikiwa mpya, duara zima likalika kwa usawa. Ukikitazama leo unashangaa kwa nini hakiuzwi kila duka la viatu. Sababu mojawapo ni kwamba kisigino cha kiatu si duara. Kisahani kikitosha katikati huacha pembe za ngozi nje, na pembe ya nyuma ndiyo hasa inayohitaji kinga.

Hapa inafaa kueleza kwa nini kisigino cha kuchomoa kwa mkono, cha kuingiza na kutoa bila fundi, kimejaribiwa mara nyingi na hakijawahi kutawala. Tunafikiri kisigino hubanwa kuelekea chini tu. Kumbe mguu unapotua unakuwa ungali unasonga mbele, na ardhi huuzuia. Nguvu hiyo ya mlalo hufika kama asilimia 15 hadi 20 ya uzito wa mtu. Kwa mwenye kilo 70, ni sawa na kukisukuma kisigino kwa kilo 10 au zaidi kuelekea nyuma, halafu mguu unapoinuka msukumo huachia, maelfu ya mara kwa siku. Kifaa chochote cha kuingiza na kuchomoa, kiwe mfereji wa chuma, skrubu au kitufe, lazima kihimili kusukumwa na kuachiwa huko bila kulegea. Kikilegea nusu milimita hucheza, kikicheza hulika, na tope likikauka ndani hakitoki tena hata kwa kubembelezwa. Wakati huohuo kiwe chepesi, kiwe chembamba, na bei yake isizidi ya misumari mitano na nyundo. Masharti hayo yamewashinda wengi. Ukweli ni kwamba kisigino cha misumari tayari ni cha kubandua. Kinataka tu koleo na mtu anayejua kulitumia.

Na je, mpira wenyewe unasaidia kiasi gani? Kwa kiatu cha kawaida, kisigino cha milimita 6 hadi 10 hakipunguzi sana kilele cha nguvu ile inayokurudia. Kinachopungua hasa ni ukali wa pigo la mwanzo, lile linalopita katika sehemu ndogo sana ya sekunde baada ya kugusa chini. Ngozi ngumu hulipitisha lote kwenda mfupani. Mpira hubonyea na kuurefusha muda wa kugongana, na sehemu ya nishati huishia kuwa joto ndani ya mpira wenyewe. Ukitaka raha zaidi unaweza kuulainisha mpira au kuacha vyumba vya hewa upande wa juu, lakini kila raha ina bei yake. Mpira laini mno hulika upesi, huvimba pembeni, na huufanya mguu uyumbe. Mgumu mno unarudi kule kwenye ngozi.

Mpira mbichi usingeweza hata kuanza kazi hiyo. Utomvu uliokauka hunata kwenye joto na huvunjika kwenye baridi. Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto hubadilika tabia. Salfa hufunga minyororo mirefu ya mpira kwa viungo vidogo, hivyo huweza kuvutika na kurudi bila kuteleza moja kwa moja. Hataza yake aliipata 1844. Baadaye masizi yakaongezwa ili kuupa ugumu dhidi ya msuguano, na ndiyo maana visigino vingi ni vyeusi.

Mwaka 1899, O'Sullivan alipopata hataza yake, mpira wa dunia haukutoka kwenye mashamba makubwa ya Asia kama baadaye. Ulitoka msitu wa Amazon, na ulitoka Afrika. Tairi la upepo la Dunlop la mwaka 1888 lilikuwa limeamsha njaa ya mpira, na katika Dola Huru ya Congo ya Mfalme Leopold wa Pili, watu walilazimishwa kugema mitoria ya msituni (mimea itambaayo yenye utomvu wa mpira) kwa mijeledi, kwa kushikiliwa wake zao, na kwa kukatwa mikono, hadi Ubelgiji ilipoichukua nchi hiyo kutoka kwake mwaka 1908. Pwani yetu nayo ilikuwa na mtoria wake, uliopewa jina la kisayansi kwa heshima ya John Kirk, balozi wa Uingereza aliyekaa Zanzibar. Wajerumani walipanda mpira wa aina ya Ceará katika Usambara na Tanga, wakatajirika kwa muda mfupi, kisha bei ikaanguka 1913 mpira wa Malaya na Ceylon ulipofurika sokoni. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja na meli hazifiki, jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck lilichukua mpira huo wa mashambani, likauchanganya na salfa, likatengeneza matairi yake lenyewe.

Matairi ndiyo yaliyokuja kuwa ghala la mpira la mafundi wetu. Anayeshona katambuga au akala hanunui mpira. Anachinja tairi kuukuu. Tairi lina faida ambayo kisigino cha kiwandani hakina: ndani yake kuna tabaka za nyuzi zilizoshikana na mpira. Kichwa cha msumari hukamatwa na nyuzi hizo, kwa hiyo washa haihitajiki. Fundi akikubandikia kipande cha tairi kwenye kiatu cha ofisini, kitakuzidi umri. Lakini usimwombe ulaini, maana tairi limeundwa kubeba gari. Matairi yenye waya za chuma mafundi huyakwepa, kwani kisu hakipiti.

Viatu vya mchuchumio vina kanuni nyingine kabisa. Ncha ya kisigino chembamba ina eneo la kama sentimeta 1 ya mraba. Mwanamke wa kilo 60 akiweka nusu ya uzito wake hapo, kila sentimeta ya mraba inabeba kilo 30, wakati hewa ndani ya tairi la gari dogo husukuma kwa kama kilo 2 tu. Mpira laini ungepondeka siku ya kwanza. Ndiyo maana ncha hizo ni za plastiki ngumu ya poliurethani, zikiwa na kijiti cha chuma kinachopigiliwa ndani ya kisigino. Fundi hukibana kwa koleo, huvuta, huchomeka kipya, na mteja huondoka kabla hajakaa vizuri kwenye benchi. Ndoto ya kisigino cha kuchomoa imetimia hapo, kwenye kiatu kisicho na raha hata kidogo.

Raba za siku hizi zimekwenda njia nyingine. Mto umehamia ndani ya soli, ukiwa povu lenye maelfu ya vipovu vya hewa, na soli nzima imechomwa au kugandishwa kwa pamoja. Zina ulaini ambao O'Sullivan hakuuota, ila kona ya nyuma ikiisha hakuna kipande cha kubadilisha. Mafundi wengi hukata kabari ya mpira, hukwangua soli kwa msasa hadi ipatikane sehemu safi, hupaka gundi pande zote mbili, husubiri ikauke hadi isishike kidole, ndipo hubandika na kugonga. Wapelekee kabla povu halijaanza kuonekana, maana gundi haina cha kushika kwenye povu lililokwisha pondeka. Na uwaambie wafanye viatu vyote viwili siku moja, hata kama kimoja bado kinaonekana kizima. Ukirekebisha kimoja utatembea wiki nzima na mguu mmoja mrefu.