Saa Kumi Usiku Mke Anakwenda Wapi?

Jamani, kuna kazi za kuaga tu na kuna kazi za kuelezea. Nesi akisema ana zamu ya usiku, nyumba nzima inaelewa. Lakini mwanamke akiamka saa kumi usiku, akavaa mabuti na kumwambia mumewe, "Naenda kupima kiu ya mahindi," hapo ndipo maneno yanapoanza.

Mwanamke huyo ndiye mimi. Nimesomea fiziolojia ya mimea, yaani namna mmea unavyokunywa, unavyojitengenezea chakula na unavyoumia. Kazi yangu ni mahindi na ukame, hapa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru.

Kwa nini usiku? Mchana jani linapoteza maji kupitia vitundu vidogo mno ambavyo macho hayavioni. Usiku vitundu hivyo hufungwa na mmea hurudisha maji yaliyopotea. Ukitaka kujua udongo bado una maji ya kuupa mmea, upime kabla jua halijachomoza. Unakata jani, unalifungia kwenye chombo cha chuma, sehemu iliyokatwa ikiwa nje, kisha unaingiza gesi mpaka tone litokeze. Ikihitajika presha kubwa, ujue mmea una kiu kali. Saa saba mchana unarudi kupima tena.

Watu wanaona jina la "Dokta" tu, ngazi hawazioni. Shahada ya kwanza ilinichukua miaka 3, ya uzamili 2, ya uzamivu 4. Ukiwa na uzamili unaanza Mhadhiri Msaidizi. Ukipata uzamivu unakuwa Mhadhiri, halafu Mhadhiri Mwandamizi, Profesa Mshiriki, mwisho Profesa. Ili upande unatakiwa uwe na makala kwenye majarida ya kisayansi, na makala moja ya shambani inaweza kudai misimu miwili ya vipimo. Sasa piga hesabu: miaka hiyohiyo ndiyo mawifi wanakutazama tumbo.

Mwaka wa pili wa ndoa yetu, nikiwa katikati ya uzamivu, jirani alimnong'oneza mume wangu: mke anaondoka gizani kila mara, mahindi gani hayo? Mama mkwe naye akasema waziwazi kwamba elimu niliyonayo inatosha. Mwisho mume wangu akaniambia nichague, yeye au shamba.

Sikubishana. Nilimwomba jambo moja tu: wiki moja aende nami.

Siku mbili za mwanzo alinuna. Ya tatu akashika tochi. Ya nne akawa ananiandikia namba. Siku ya tano kulipokucha nikamwonyesha mahindi yenyewe. Upande tuliomwagilia, mbelewele za juu na ndevu za gunzi zilitoka karibu pamoja. Upande wa ukame, mbelewele zilikuwa zinamaliza kumwaga chavua, ndevu bado zimejificha. Na chavua haina subira, kwenye joto inakufa upesi. Ndevu zikichelewa, gunzi linabaki na mapengo.

"Kumbe hawa nao wamepishana," akasema.

Nikamjibu, "Ndiyo, na wala hakuna mbaya kati yao. Ni maji."

Jioni ile ndipo tulipozungumza kweli. Akaniambia kilichomuuma zaidi si giza, ni kuona kila mtu anamuuliza habari za mtoto na yeye hana jibu. Tukakubaliana: mtoto tutamtafuta baada ya msimu wa mwisho wa vipimo, na yeye mwenyewe ndiye atakayemweleza mama yake. Akamweleza.

Wanafunzi wangu wa kike huwa nawatajia Profesa Jill Farrant wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, aliyepata tuzo ya L'Oréal-UNESCO ya wanawake katika sayansi mwaka 2012. Yeye anachunguza mimea inayoweza kupoteza asilimia 95 ya maji yake, ikakaa mikavu kwa miezi kama imekufa, kisha ikipata maji inarudi kuwa kijani. Mahindi hayawezi hivyo. Ndoa nyingi nazo haziwezi, shosti. Zinataka maji mapema.

Kwa hiyo, kama umpendaye ni mtafiti, mwombe ratiba ya msimu mzima, si ya kesho tu. Nenda ukaone kazi yake angalau mara moja. Na maneno ya jirani yapeleke kwa mwenyewe kabla hayajalala ndani ya nyumba.

Leo mimi ni Mhadhiri Mwandamizi. Binti yetu yuko darasa la pili, na msimu wa vipimo ukifika baba yake ndiye anayempeleka shule. Mama mkwe? Bado ananiuliza wa pili lini.