Ukitaka Kulala Delta ya Rufiji, Anza na Mwezi

Wakazi wa Dar es Salaam wanaopenda kulala porini hupanga safari kwa kalenda ya kazi. Sikukuu ikiangukia Ijumaa, hema linatolewa stoo, mtungi mdogo wa gesi unajazwa, na wenye Land Cruiser zilizofungwa hema juu ya paa wanaanza kupigiana simu. Kwa Mikumi au Bagamoyo kalenda hiyo inatosha. Delta ya Rufiji haiitambui. Huko ukikosea tarehe, boti inakwama juu ya tope saa sita mfululizo, au unaamka alfajiri maji yamekwisha kuingia hemani. Wavuvi wanaokwenda dago, yaani kambi zao za uvuvi, kwenye mikondo ya Salale na Mbwera hawajawahi kuuliza leo ni Ijumaa au Jumanne. Huuliza mwezi una siku ngapi, na naamini mgeni akianza na swali hilo hilo, nusu ya maandalizi yake imekwisha.

Tupajue kwanza mahali penyewe. Mto Rufiji hukusanya maji ya karibu sehemu ya tano ya Tanzania Bara, yakiletwa na Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu. Ukikaribia Bahari ya Hindi, mkabala na kisiwa cha Mafia, hugawanyika katika mikono mingi, na baina ya mikono hiyo kuna hekta zipatazo 53,000 za mikoko, msitu mkubwa kuliko wote wa aina yake Afrika Mashariki. Tangu 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa limo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima. Msitu wenyewe ni hifadhi ya msitu ya taifa, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kutoka Dar unashika barabara ya Kilwa, unaiacha barabara hiyo pale Bungu, kabla ya kufika Kibiti mjini, na unashuka hadi Nyamisati kwenye gati la boti za Mafia. Gari, hata likiwa na magurudumu manne ya kuvuta, safari yake inaishia hapo. Kuanzia Nyamisati ni boti, mtumbwi na pondo.

Sasa mwezi. Mvuto wake ni mkubwa zaidi upande wa dunia ulio karibu nao kuliko upande wa pili, na tofauti hiyo huiinua bahari pande zote mbili kwa wakati mmoja: upande unaoutazama mwezi na ule ulioupa kisogo. Dunia inapojizungusha, pwani ile ile hupita kwenye vilima hivyo viwili vya maji, ndiyo maana kila siku maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili. Wakati huo huo mwezi nao unakuwa umesogea mbele kidogo katika njia yake, kwa hiyo maji ya leo huchelewa yale ya jana kwa dakika 50 hivi. Jua pia huvuta, kwa karibu nusu ya nguvu ya mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua, dunia na mwezi hukaa katika mstari mmoja na mivuto inasaidiana: hilo ndilo bamvua, ambapo maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Mwezi ukiwa nusu, mivuto inapingana na tunapata maji mafu, ambayo mwendo wake unaweza kuwa mita 1 tu.

Kwenye pwani yetu siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Siku saba baadaye, kwa kuchelewa dakika 50 kila siku, mambo yamegeuka: saa nne ndiyo ya kujaa, na saa kumi ndiyo ya kupwa. Hesabu hii unaweza kuifanya kichwani ukiwa bado jikoni kwako Mbagala. Ndani ya delta ongeza muda, kwa sababu maji huchukua saa moja au zaidi kupanda mikondo, na mto wenyewe unayasukuma kurudi.

Aliyewahi kunufaika na hesabu hii kwa njia ya kihistoria ni Max Looff, nahodha wa manowari ya Kijerumani Königsberg. Baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar Septemba 20, 1914, aliiingiza meli yake ndani ya delta, akipita maji yalipojaa kwa ramani ambazo Wajerumani walikuwa wamezichora kabla ya vita. Manowari kubwa za Waingereza zilibaki nje zikizunguka kwa miezi, kwa kuwa kina hakikuziruhusu. Ilibidi ziletwe Severn na Mersey, vyombo bapa vilivyohitaji kina cha chini ya mita 2, na mpaka Julai 11, 1915 ndipo Königsberg ilipomalizwa.

Ukishafika, swali ni pa kulala, na hapa miti yenyewe inasema kweli kuliko simu. Kila aina ya mkoko inavumilia kufunikwa na maji kwa kiasi chake. Mlilana husimama mbele kabisa, unakofunikwa karibu kila maji yanapojaa. Nyuma yake ni mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyojipinda kama miguu ya buibui. Ndani zaidi, panapofikiwa na bamvua peke yake, unakuta mkandaa na mchu, ingawa mchu ni mti mkaidi na huota hata mbele. Kwenye maji matamu zaidi ndiyo makao ya msikundazi, mwenye mizizi bapa kama mbao zilizosimamishwa kiubavu. Tazama mizizi ya mkoko kwa karibu: chaza wameishika hadi kimo fulani, kisha wanakoma ghafla. Juu yao kuna alama ya tope kavu, na juu zaidi gome ni safi. Alama hiyo ya tope ndiyo kimo cha maji, na ikiwa hema lako litakuwa chini yake, utaogelea. Tafuta penye mnazi, mwembe au mkorosho, miti isiyostahimili kuzamishwa kila mara na maji ya chumvi. Kwa kawaida hapo ndipo kijiji kilipo.

Jambo linalowashangaza wengi ni kiu. Umezungukwa na maji kila upande, na mengi hayanyweki. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, na figo za binadamu haziwezi kutengeneza mkojo mkali kiasi hicho. Anayeyanywa hupoteza maji mengi kuliko anayoingiza. Mikoko inaishi katika ukame huo huo, lakini ina mbinu zake. Mkoko huzuia chumvi mizizini, karibu yote. Mchu huiruhusu iingie kisha huitoa kwa majani: lichume jani asubuhi ya kiangazi, utaona punje nyeupe zinazometa, na ukililamba utajua ni nini. Sisi tubebe madumu. Kwa joto la huko ningehesabu lita 8 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupika na kunawa uso. Watu wanne kwa siku tatu wanahitaji karibu lita 100, yaani madumu matano ya lita 20, na hizo ni kilo 100 za kumweleza nahodha mapema, kwa sababu boti iliyolemewa hugusa tope mapema. Septemba na Oktoba, miezi ninayoipenda kwa sababu kusi limepungua na mvua za vuli bado, mto huwa na maji machache na chumvi hupanda mbali zaidi ndani. Usitegemee kuteka mkondoni.

Halafu kuna usiku. Watafiti wakiongozwa na Craig Packer walionyesha 2005 kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua zaidi ya Watanzania 563, wengi wao kusini mashariki mwa nchi, Rufiji ikiwemo. Chanzo kikubwa ni nguruwe pori: huvamia mashamba, wakulima hulala kwenye madungu kuyalinda, na simba anayefuata nguruwe humkuta mtu. Mwaka 2011 kundi hilo lilichapisha matokeo mengine: mashambulizi huongezeka katika siku zinazofuata mwezi mpevu, hasa saa za mwanzo za usiku. Mwezi mkali humnyima simba mawindo, kwani wanyama wanamwona. Ukishapita upevu, mwezi huchelewa kuchomoza, jioni inakuwa na giza, na simba ana njaa. Hatari hiyo iko zaidi upande wa mashamba ya bonde kuliko katikati ya mikoko, ambako wa kuogopwa ni mamba na kiboko.

Ndiyo maana mimi ningechagua siku ya 6 hadi ya 9 ya mwezi mwandamo. Maji ni mafu, hayatapanda ghafla wala kukimbia yote. Mwezi nusu uko juu jua linapotua na unamulika hadi karibu na usiku wa manane, saa ambazo watu wanapika, wanaoga na kwenda msalani. Asubuhi maji yanapanda hadi saa nne, kwa hiyo ukiondoka Nyamisati saa moja yanakusindikiza kuingia. Hasara yake ni kwamba vijito vyembamba vinaweza visijae kiasi cha kupitika, nawe utabaki kwenye mikondo mikubwa.

Chandarua chenye dawa hakina mjadala. Anopheles merus, mbu wa malaria wa pwani, huzaliana kwenye madimbwi ya maji ya chumvichumvi, na usubi wa jioni hawasubiri giza. Kuni za mikoko ziache, hifadhi inakataza kukata bila kibali. Na kabla ya kusimamisha hema, ripoti kwa mtendaji wa kijiji. Wilaya ya Kibiti iliishi na mauaji ya viongozi na askari hadi 2017, na watu wa huko wana haki ya kumjua mgeni anayelala kwao.

Kitu kimoja mwezi hautakuambia: mto umefungwa na nini huko juu. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo 9 na uwezo wa megawati 2,115, lilianza kujazwa Desemba 2022, na sasa maji yanayoteremka hupita kwenye milango yake. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyofunika mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti yalionyesha kwamba mvua kubwa na bwawa lililojaa bado vinaweza kukutana. Piga simu kijijini wiki moja kabla, uliza maji ya mto yakoje, na uliza kama chumvi imefika wanapoteka.